Nilifunga kadi nionekane sina deni, mbona alama zangu za mkopo zimeshuka?

BARUA

Shikamoo dada,

Natumai u mzima. Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Tanga, naishi Columbus, Ohio, tangu 2017. Nafanya kazi ya kutunza wazee na mume wangu anaendesha lori. Tumechoka kupanga. Kila mkataba ukiisha mwenye nyumba anapandisha kodi, kwa hiyo tumekubaliana mwezi wa nne mwakani tuombe mkopo wa nyumba, inshallah.

Nilikuwa na kadi tatu za mkopo. Ya kwanza niliipata 2018 kwa kuweka dhamana ya dola 300. Baadaye benki ilinirudishia dhamana yangu, na sasa kikomo chake, yaani kiasi cha juu ninachoruhusiwa kukopa, ni dola 1,000. Ya pili ni ya 2020, kikomo dola 6,000, ina ada ya dola 95 kila mwaka. Ya tatu niliichukua dukani Desemba iliyopita. Nilikuwa kwenye foleni na makoti ya watoto mkononi, binti wa kaunta akaniambia nikifungua kadi ya duka nitapunguziwa asilimia 20. Nikajaza fomu palepale. Hiyo kikomo chake ni dola 2,500.

Mwezi wa nane tulikuwa kwenye msiba wa mwenzetu mmoja. Baada ya chakula kina baba wakawa wanazungumza habari za nyumba, na kaka mmoja tunayemheshimu sana akamwambia mume wangu, "Benki haimpi nyumba mtu mwenye makadi. Mwambie shemeji azifunge zote, mwende mkiwa wasafi." Maneno yale yalituingia. Nikaanza na ile ya dola 6,000, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa inanila dola 95 na haikuwa na deni hata senti moja. Nilipiga simu, baada ya dakika kumi ikawa imefungwa. Nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyefutwa jina kwenye daftari la Mangi.

Juzi nafungua programu ya benki kwenye simu, alama za mkopo, zile wakopeshaji wanazotupimia uaminifu wa kulipa, zimetoka 731 zimefika 684! Dada, sijachelewa kulipa hata siku moja, na sijakopa kitu kipya. Nadaiwa dola 600 kwenye kadi ya zamani, ambayo naitumia kwa chakula na mafuta ya gari, na dola 1,300 kwenye ile ya duka. Mume wangu anasema nifunge na hizo mbili zilizobaki alama zirudi. Yeye hana kadi hata moja, gari lake alinunua kwa pesa taslimu, na anajivunia kwamba hadaiwi na mtu. Mimi naogopa. Je, historia yangu yote ya tangu 2020 ndiyo imepotea?

Na jambo la pili. Shemeji yangu, mdogo wake mume, amefika mwaka jana. Anaomba nimweke kwenye kadi yangu ya zamani ili naye aanze kujenga jina. Mume anasema ni ndugu, siwezi kumkatalia. Mwezi wa kumi na moja ni zamu yangu kupokea mchezo, dola 2,000, ambazo nilipanga kuziweka kwenye akiba ya nyumba. Naomba unielekeze kabla sijaharibu zaidi.

Mama wawili, Columbus

JIBU

Marahaba mdogo wangu.

Kadi mbili zilizobaki usiziguse. Mwambie mume wako asubiri kwanza amalize kusoma majibu haya.

Umesema ulijisikia kama umefutwa jina kwenye daftari la Mangi, na kosa lenyewe limejificha humo humo. Dukani kwa Mangi unakopa kilo mbili za sukari na mche wa sabuni, anaandika. Mwisho wa mwezi unalipa, anapiga mstari juu ya jina lako, mmemalizana. Daftari likijaa, kurasa zake zinafungia karanga. Huku kurasa hazichanwi. Kuna kampuni tatu, Equifax, Experian na TransUnion, ambazo kazi yake ni kutunza daftari la kila mtu, na mkopeshaji akilifungua anachotafuta ni ile mistari iliyopigwa: alikopa, akalipa, akakopa tena, akalipa tena, na ameanza lini. Asiye na jina humo, kwao ni kama hajafika mjini. Mchezo mnaocheza bila kukosa ungetosha kuwa ushahidi kwa yeyote anayetujua, lakini kwenye daftari lao haumo.

Yule kaka wa msibani alisema kwa nia njema, na ana kipande cha ukweli. Benki inayotoa mkopo wa nyumba hujumlisha malipo ya madeni yako ya kila mwezi na kuyapima na kipato chenu. Lakini kadi isiyo na deni haina malipo ya mwezi. Ile ya dola 6,000 ilikuwa imekaa kimya inakubeba, na wewe ukaiona mzigo.

Tazama ilivyokuwa inakubeba. Alama za FICO, ambazo ndizo wakopeshaji wengi hutumia, huanzia 300 hadi 850. Sehemu kubwa kabisa, asilimia 35, ni kulipa kwa wakati, na hapo una la kujivunia. Inayofuata, asilimia 30, ni kiasi unachodaiwa, na ndani yake kuna hesabu moja yenye nguvu sana: kati ya kikomo chote ulichopewa, umetumia kiasi gani? Kabla ya simu ile ulikuwa na kikomo cha jumla cha dola 9,500 na deni la dola 1,900. Hiyo ni asilimia 20. Ulipofunga, kikomo kikabaki dola 3,500, deni ni lilelile dola 1,900. Sasa ni asilimia 54. Hukukopa hata dola moja, lakini anayekusoma kwenye karatasi anamwona mtu ambaye ghafla ametumia zaidi ya nusu ya alichoaminiwa. Na kadi moja moja nazo hutazamwa. Ile ya zamani peke yake, dola 600 kwenye 1,000, imefika asilimia 60. Mkizifunga na hizo mbili huku mnadaiwa, deni litabaki, riba itaendelea kutembea, na hutakuwa na kikomo chochote cha kulipunguzia uzito.

Wengi watakwambia usivuke asilimia 30. Pale hakuna ukuta, kila unaposhuka ni afadhali zaidi, na watu wenye alama za juu kabisa kwa kawaida wako chini ya asilimia 10.

Historia yako haijapotea, na hili naomba uliamini maana linawanyima watu usingizi bure. Kadi uliyoifunga ukiwa hujachelewa kulipa hubaki kwenye ripoti yako, yaani lile daftari la kampuni tatu, hadi miaka 10, na FICO huendelea kuihesabu umri wake muda wote huo. Mimi mwenyewe nilifunga kadi yangu ya kwanza 2011 kwa sababu kama zako, na kila nikivuta ripoti niliikuta pale, hadi 2021 ilipoondoka. Siku ilipoondoka ndipo nilipoipoteza. Kwa nyumba mnayoitafuta mwakani, umri wa kadi hauwezi kuwa tatizo lenu. Tatizo ni ile asilimia 54, nayo ina sifa moja nzuri: katika matoleo mengi ya FICO haina kumbukumbu. Ukichelewa kulipa siku 30, doa hilo linakaa miaka 7. Lakini asilimia ya kikomo ikishuka mwezi huu, mwezi ujao wanakuona upya kana kwamba haikuwahi kupanda.

Kwa hiyo pesa ya mchezo, mdogo wangu, ilipe madeni. Najua akiba ya nyumba ina utamu wake, lakini dola 2,000 zinafuta zile 1,900 zote na zinabaki 100. Riba ya kadi za maduka huwa juu kuliko hata ya kadi za kawaida, na hakuna akaunti ya akiba itakayokulipa kiasi hicho. Kuna sababu nyingine ambayo wengi wetu huwakuta mezani bila kujiandaa: mkiomba mkopo wa nyumba, afisa mikopo ataomba taarifa za benki za miezi miwili au zaidi, na kila pesa kubwa iliyoingia kwa mkupuo atauliza imetoka wapi. Kumweleza mchezo mtu ambaye hajawahi kuusikia, tena bila karatasi yoyote, ni kazi. Pesa hiyo ikishalipa kadi mwezi wa kumi na moja, mwezi wa nne hamtakuwa na la kueleza.

Sasa toa taarifa ya mwezi ya ile kadi ya zamani uiweke mezani. Hapo juu kuna tarehe mbili. Tuseme moja ni tarehe 14, siku ya kufunga hesabu za mwezi. Nyingine ni tarehe 8 ya mwezi unaofuata, siku ya mwisho ya kulipa. Tangu sheria ya kadi ya 2009, kati ya taarifa kutumwa na siku ya mwisho ya kulipa ni lazima zipite angalau siku 21. Wewe umekuwa ukiitazama tarehe 8, na ndiyo maana hujachelewa hata mara moja. Lakini benki nyingi hupeleka habari zako kwa zile kampuni tatu siku ya kufunga hesabu, tarehe 14. Kiasi kilichoandikwa siku ile ndicho kinachosomwa, hata kama utakilipa chote wiki moja baadaye. Ukinunua chakula na mafuta ya dola 600 ndani ya mwezi, ingia kwenye programu tarehe 11 au 12 ulipe 550. Itakaposomwa tarehe 14 itakuwa dola 50 kwenye 1,000. Zile 50 nazo zilipe kabla ya tarehe 8, usitozwe riba. Kuna watu wanaamini ni lazima ubakize deni kidogo kila mwezi, ulipie riba, ndipo alama zipande. Si kweli, na imewala watu wetu pesa nyingi.

Kesho asubuhi kabla hujaingia zamu, ipigie benki ya ile kadi uliyoifunga. Benki nyingine hukubali kuirudisha kadi ambayo mwenyewe ameifunga ikiwa siku hazijapita nyingi, nyingine hukataa katakata, lakini kuuliza hakupunguzi alama. Waulize mambo mawili: wanaweza kuirudisha bila wewe kuandika maombi mapya? Na wanaweza kuibadilisha iwe kadi yao isiyo na ada ya mwaka? Hili la pili ndilo ungelifanya toka mwanzo. Dola 95 si pesa ya kudharau na ulikuwa na haki ya kuchoka nazo, ila benki nyingi zina kadi isiyo na ada, na wakikuhamishia huko akaunti huwa inabaki ileile, kikomo chake na umri wake. Wakikataa yote mawili, usihuzunike. Madeni yakishalipwa, utakuwa sawa hata bila kadi hiyo.

Ile kadi ya duka ilikugusa mara mbili. Kila ukiomba kadi, mkopeshaji huchungulia daftari lako na alama ya kuchungulia hubaki humo miaka miwili, ingawa FICO huihesabu miezi 12 tu, na kwa watu wengi haiondoi hata alama tano. Pia akaunti mpya hushusha wastani wa umri wa akaunti zako. Vyote ni vidogo, na ikifika Desemba hii ule mwaka utakuwa umekwisha. Ila kuanzia leo hadi mtakapokabidhiwa funguo, usijaze fomu ya kadi nyingine, hata wakikupa koti bure. Mkianza kutafuta mkopo wa nyumba wenyewe, hapo mna ruhusa ya kulinganisha wakopeshaji watatu au wanne, kwa kuwa maombi ya mkopo wa nyumba yakifanywa kwa karibu huhesabiwa kama moja. Matoleo mapya ya FICO yanatoa siku 45, ya zamani siku 14. Fanyeni yote ndani ya wiki mbili muwe salama, kwani wakopeshaji wa nyumba kwa miaka mingi wametumia matoleo ya zamani. Ndiyo sababu pia namba ya kwenye simu yako huenda isiwe sawa kabisa na ile afisa mikopo atakayoiona.

Kadi hiyo ya duka ukishailipa iache wazi, iweke kabatini. Nyumba ikishapatikana, kama inakushawishi kununua usivyohitaji, ifunge kwa amani.

Nije kwa mume wako, na namwambia kwa heshima. Kutodaiwa ni sifa, na aliyelelewa kwenye kukopa harusi, kulipa matanga, ana haki ya kuiogopa kadi. Lakini mkiomba mkopo pamoja, mkopeshaji huvuta alama za kila mmoja kutoka kampuni zote tatu, huchukua ile ya katikati, na mara nyingi mwenye ya chini kati yenu ndiye anayeamua riba mtakayopewa. Asiye na akaunti yoyote hana alama kabisa. FICO inahitaji angalau akaunti moja yenye umri wa miezi 6 ndipo imtengenezee namba. Hesabuni miezi kutoka sasa hadi mwezi wa nne: ni sita kamili. Akaweke dhamana ya dola 200 au 300 wiki hii, apate kadi ya kuanzia kama uliyoanza nayo wewe 2018, aitumie kwa mafuta ya gari tu na ailipe yote kila mwezi. Akichelewa, pengine itabidi ombi liwe kwa jina lako peke yako na kwa kipato chako peke yako, au mtafute mkopeshaji anayekubali risiti za kodi na umeme badala ya alama.

Na kama kuna mtu wa kuwekwa kwenye kadi yako ya zamani, basi ni huyo mume wako, baada ya mchezo wa mwezi wa kumi na moja kuisafisha. Akiwekwa leo, faili lake litafunguliwa na kadi iliyotumika asilimia 60.

Shemeji naye ni mtu wa kusaidiwa, sitaki umfukuze. Lakini ujue unachoombwa. Ukimweka mtu kama mtumiaji aliyeidhinishwa, chochote atakachonunua ni deni lako wewe mwenye kadi. Benki haimjui shemeji. Na siku ukimtoa, kwa kawaida historia ile nayo hutoka kwenye ripoti yake, kwa hiyo atakuwa amejengewa kibanda kwenye kiwanja cha mwenzake. Mwenye kumpenda atampeleka akafungue kadi yake ya dhamana, siku moja na kaka yake, hata kama ni kumchangia hizo dola 200. Baada ya nusu mwaka atakuwa na namba yake mwenyewe. Mume akishikilia kwamba lazima awekwe, inawezekana kumweka bila kumkabidhi kadi. Yake ikija kwa posta, unaihifadhi wewe. Mwambieni hivyo mapema, wote watatu mkiwa mmekaa, asije akaisubiri kwenye sanduku la barua.

Usiku huu watoto wakilala, ingia AnnualCreditReport.com uvute ripoti zako kutoka kampuni zote tatu. Ni bure, na unaweza kufanya hivyo kila wiki. Tafuta ile kadi ya 2020, hakikisha imeandikwa kwamba imefungwa na mwenyewe na kwamba haikuwahi kuchelewa. Kisha kagua jina lako. Sisi wenye jina letu, la baba na la babu huandikwa kila ofisi kivyake, na kuna wanaobebeshwa deni la mtu wasiyemjua. Ukikuta kosa una haki ya kulipinga kwa maandishi, tangu sheria ya 1970, na kampuni ile ni lazima ichunguze.

Alama 684 hazijawafungia mlango. Mikopo ya FHA, yaani mikopo ya nyumba inayodhaminiwa na serikali, hukubali kuanzia 580 kwa malipo ya awali ya asilimia 3.5. Tofauti ya 684 na 731 iko kwenye riba mtakayolipa miaka 30, na ndiyo maana nataka uzirudishe kabla ya mwezi wa nne. Ukishalipa mwezi wa kumi na moja, ngoja tarehe ya kufunga hesabu ipite kwenye kadi zote mbili, ongeza wiki moja, halafu fungua ile programu. Uniandikie umekuta ngapi.